Sauti Uliyowatumia Watu wa Tawi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa shemeji yangu Kijiti,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mara ya mwisho ulisema wamekuhamishia zamu ya mchana pale ghalani, natumaini sasa unalala kama watu wengine. Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma hadi vyombo vinalia, bado yupo au amehama?

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hivyo. Mama anakula, ingawa mpaka umbembeleze. Magoti yanamsumbua. Binti yako amerudi shuleni, na mwalimu anasema anasoma, ila amekuwa mkimya. Ameniomba nikuambie kwamba viatu vilimtosha. Havikumtosha, shemeji, vinambana vidole, lakini hataki kuvivua kwa sababu vimetoka kwako, baba yake mdogo.

Nimerudi kutoka kazini mchana huu nikakaa niandike, na tangu nimeandika tarehe nimeshainuka mara tatu. Kwanza nilikwenda kuzima jiko, nikakuta sikuliwasha. Kisha nikafagia, na nyumba ilikuwa imeshafagiwa. Mara ya tatu nilisimama tu mlangoni, sijui nilikuwa nangoja nani.

Utauliza mbona sikupiga simu. Kwenye simu nalia, nawe unalia, mwisho tunaagana bila kusema kitu. Leo nina neno ambalo nataka nilifikishe mpaka mwisho. Nitazipiga picha kurasa hizi mwenyewe, nimeshajifunza, nikutumie leo hii hii. Tafadhali usisome ukiwa njiani. Kaa chini.

Unakumbuka kaka yako alivyokuwa na uadui na koti langu la mvua. Sisi tunaofagia barabara tunapewa makoti ya manjano ili madereva watuone, lakini kwa shabiki wa timu ya Bluu kama yeye manjano ilikuwa rangi ya wapinzani, basi. Alikataa lisiingie chumbani. Alilipigilia msumari wake nje, karibu na bafu, na kila asubuhi akipita na mswaki mdomoni alilisalimia: "Habari za asubuhi, mpinzani?" Kisha alijijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya koti: "Mbaya, tumefungwa tena." Miaka minane alinichekesha kwa jambo hilo moja. Mimi ni mtu wa kuchekeshwa kirahisi.

Jumapili ile ya mechi mvua ilianza saa sita. Alikuwa na kikohozi tangu Jumatatu, nami nikamwambia hatoki bila koti. "Nivae manjano mimi?" akasema. "Mimi Spika, mtunga nyimbo wao? Tawi zima watanifukuza." Nikamwambia alivae nje ndani, kwa kuwa bitana yake ni ya kijivu. Akaligeuza, akahangaika na vifungo vilivyokuwa upande wa ndani, akajitazama kwenye kioo. "Sasa nimefanana na gunia," akasema. Akaondoka.

Habari tuliyopewa baadaye unaijua, maana ndiyo uliyopewa na wewe. Goli la pili la Bluu lilikataliwa, watu wakaanza kurushiana chupa na mawe, na Manjano wakaruka uzio, wakamkuta kaka yako kwenye ngazi za mlango wa tatu. Mwenyekiti wa tawi alisema hivyo makaburini. Redio ikasema hivyo. Mimi mwenyewe niliwasimulia hivyo waliokuja kunipa pole, na nilikuwa naamini.

Ndipo ukawatumia watu wa tawi ile sauti.

Sikulaumu, shemeji. Ulikuwa peke yako huko, huna hata wa kukushika bega, hukuweza kuja kumzika. Lakini nataka ujue imefanya nini huku. Uliwaambia wasikubali kaka yako alale chini peke yake. Pengine ulisema mara moja, ukaweka simu, ukalia. Huku imesemwa mara elfu. Ipo kwenye kila simu ya mtu wa Bluu. Na sauti yako ni yake, hilo hata wewe unalijua. Mlipokuwa mnapiga simu nilikuwa siwezi kuwatofautisha mpaka mmoja acheke. Siku ya kwanza jirani alipoifungua hapa uani, Mama aliinuka bila fimbo, akaenda mpaka kwenye ukuta.

Unamkumbuka kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule wa Manjano. Kila Jumamosi kaka yako alikwenda kunyolewa kwake, na kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima kwa ubishi. "Utanikata koo siku moja wewe, nakujua," kaka yako alikuwa akimwambia. Na yeye: "Kaa vizuri. Wembe wangu hauna timu, tatizo ni kichwa chako kimejaa maji ya bluu." Siku ya mazishi alifunga duka, akavaa shati jeupe, akaja. Vijana wa tawi walimrudishia mlangoni. Nilimwona kupitia dirishani akirudi huku ameshika kofia, sikutoka kumwita. Nilikuwa bado naamini. Hilo linaniuma.

Juma lililopita walivunja dirisha lake. Na juzi nilipopita na toroli yangu nikakuta mtu ameandika kwenye mlango wake, kwa rangi ya bluu, neno moja: JUMAPILI. Unajua Jumapili hii ni nini. Ni mechi ya marudiano.

Subiri kidogo, Mama ananiita.

Nimerudi. Alitaka kujua namwandikia nani. Nimemwambia nakuandikia wewe, akasema nikuambie uvae soksi. Basi, vaa soksi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumamosi alasiri alikuja fundi wa kuchomea vyuma, jirani yetu tunayemwita Cheche, aliyekuwa akikaa na kaka yako uwanjani tangu ujana wao. Alisimama nje na mfuko mkononi. Nikamwambia, "Karibu, shemeji, mbona umesimama?"

"Sistahili kuingia."

"Mlango umeutengeneza mwenyewe, leo unakushinda?"

Hakucheka. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akatoa koti langu kwenye mfuko. Limefuliwa na kukunjwa vizuri, namba yangu juu, thelathini na nane.

"Nilidhani limepotelea hospitalini," nikasema. "Umelipata wapi?"

"Nilimvua mimi."

Nikamuuliza alimvuaje, saa ngapi, wapi. Akaniambia, "Shemeji, niache niseme yote, maana nikisimama sitaweza kuanza tena."

Wakati wa mapumziko mvua ilikatika, kaka yako akavua koti, akalikunja, akaliweka kwapani. Chupa zilipoanza kuruka alijifunika nalo kichwani haraka, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, wala hakutazama upande gani uko nje. Manjano ndiyo iliyokuwa nje, na kofia ya koti imemziba uso. Polisi walikuwa wamefunga mlango wa pili. Akakimbia kushuka kwenye mlango wa tatu, walikokuwa watu wake. Na huko chini mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti, anapiga kelele, "Wameingia! Wameingia kwetu!" Watu wakawa wanaimba.

"Nilimpiga ngwala mimi," Cheche akasema. "Na teke la kwanza langu. Baada ya hapo sijui, miguu ilikuwa mingi. Nikaivuta ile kofia ili nimwone uso, nimtukane vizuri." Akaukunja ule mfuko mtupu. "Akaniita jina langu. Siyo Cheche. Jina langu la nyumbani."

Nikamuuliza walikuwa wanaimba nini, ingawa nilijua.

"Wimbo wake. Mimi mwenyewe nilikuwa naimba, shemeji. Hata wakati ule mguu unakwenda, mdomo ulikuwa unaimba."

Aliniambia wanaojua ni watu sita, na mwenyekiti ni wa saba. Mwenyekiti ndiye aliyesema koti lifichwe.

Nilimpa maji ya kunywa. Usiniulize kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe kwenye jagi. Akanywa, akaondoka. Halafu nikamkimbilia barabarani bila viatu, nikamshika shati, nikamuuliza kama kaka yako alikuwa anakohoa. Swali gani hilo, shemeji? Lakini alikuwa na kikohozi tangu Jumatatu, na sijui, nilitaka kujua. Akasema hakumbuki. Tukasimama pale, watu wakitutazama.

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nikiwa kazini nafagia kipande kile kile mara mbili, mpaka mwenzangu wa toroli ananishika mkono. Leo asubuhi mvua imeninyeshea, kwa kuwa koti lipo na siwezi kulivaa. Na muda wote kichwani nawahesabu: ni nani? Nataka nimpate mtu mmoja, nimwekee mzigo wote, nipumzike.

Naanza na Cheche, kwa sababu mguu ni wake na yeye mwenyewe amesema. Hapo hapo namwona mwenyekiti na kipaza sauti chake, kwa maana Cheche hakuona watu wakiingia, aliambiwa. Nikimwacha huyo nakwenda kwa polisi waliofunga mlango wa pili wakati watu wanakimbia, na wakiulizwa wanasema ni amri. Nakwenda kwa wakubwa wa timu zote mbili, wanaokaa jukwaani kwenye viti vyenye mito na kupeana mikono, huku wakijua tawi likizomea vizuri uwanja unajaa. Kila mmoja namkuta na sehemu yake. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia, chukua yote.

Na siwezi kuruka nyumba yangu. Ule wimbo aliutunga kaka yako hapa hapa, kwenye meza hii, kati ya redio za watu alizozifungua kuzitengeneza. Unaujua: manjano likivuka mstari tulifue, tulianike. Alikuwa amekwama, hapati mstari wa mwisho, nami nilikuwa pale dirishani nanyoosha sare ya binti yako. Nikamwambia, "Si mlipige pasi?" Akaruka juu kwa furaha, akanibusu kichwani. Maneno yale ni yangu, shemeji. Yameimbwa na watu elfu ishirini. Tulikuwa tunacheka. Hakuna aliyefikiri kwamba ndani ya manjano kuna mtu. Mimi ndiye niliyempa koti, na mimi ndiye niliyempa mstari.

Sisemi hivi ili uniambie siyo kosa langu. Watu wema wameshaniambia hivyo na sikupata nafuu. Nasema kwa sababu, baada ya kuwahesabu wote, naona kwamba wengi wetu hatuna tena la kufanya. Lililofanyika limefanyika. Wewe bado unalo.

Jana jioni nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta ofisini kwa tawi, amezungukwa na picha za kaka yako, kubwa kama mlango, za kubebwa Jumapili. Picha ni ile ya harusi yetu, mimi nimekatwa, limebaki bega langu tu. Nikamwambia najua habari za koti.

Alifunga mlango. "Mama, mambo mengine ni ya kuongea baada ya mechi."

"Mechi ikiisha kinyozi atakuwa mzima?"

"Nani amezungumza habari za kinyozi?"

"Mlango wake."

Akafuta uso. Siyo mtu mbaya, shemeji, usimchore vibaya. Siku tatu hakulala, ndiye aliyetafuta gari la kumbebea marehemu. "Watu wanakuja kwa ajili ya mumeo," akasema. "Nikasimame mbele yao niseme nini? Tumemuua wenyewe?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

"Hawatanisikia. Watasema nimenunuliwa na Manjano." Kisha akasema neno la kweli, pengine bila kukusudia: "Sasa hivi wanamsikia mdogo wake tu."

Akanieleza kwamba Jumapili saa tisa na nusu, kabla timu hazijatoka, sauti yako itafunguliwa kwenye zile spika kubwa za tawi. Kaka yako ndiye aliyezitengeneza, aliziweka hapa nyumbani mwezi mzima, binti yako akawa anazitumia kama kiti. Nilimwomba asifanye hivyo. Akasema siyo uamuzi wake peke yake. Kwao hakuna uamuzi wa mtu peke yake, ndivyo wanavyopenda kusema.

Kwa hiyo ninakuomba wewe. Watumie sauti nyingine. Usiandike, sema, ili waisikie. Waambie ni wewe, waambie hujatishwa na mtu, na waambie kaka yako aliuawa na watu wake waliomdhania mpinzani. Waambie kama angekuwa mpinzani kweli isingekuwa na tofauti, maana angekuwa na mke wake mahali fulani, naye angekuwa na kikohozi. Hayo ya mwisho yaseme kwa maneno yako, mimi sikusoma sana. Ila usipunguze. Ukisema nusu, watachukua ile nusu wanayoitaka. Nitumie na mimi, na kinyozi nitampelekea kwa mkono wangu. Jumamosi iwe imefika.

Kuhusu Cheche, najua kifua chako sasa kinawaka. Changu pia kinawaka, nikimwona anakuja navuka upande wa pili wa barabara. Lakini usimpigie simu kwa hasira, wala usimwambie mtu amfuate. Alhamisi asubuhi tunakwenda naye kituo cha polisi akaandike maelezo, na mimi nitaandika yangu, pamoja na habari za kipaza sauti na mlango uliofungwa. Ni yeye aliyeomba niende naye, anasema peke yake atarudia njiani. Nitatembea naye. Hilo silo msamaha, shemeji. Huko sijafika, na sitaki kukudanganya kwamba nakaribia.

Binti yako hajui bado. Nitamwambia Alhamisi nikirudi, kabla hajasikia kwa wengine. Mama naye. Niombee nipate maneno, kwa sababu kila nikiyapanga yanaanguka.

Jambo moja jingine, halafu niache. Barabara ya uwanjani iko kwenye kipande cha kazi yetu. Baada ya mechi sisi ndio tunaofagia, na miaka yote hiyo nilikuwa nikijua mchezo ulivyokwenda kabla ya redio, kwa vitu vilivyobaki chini. Watu wakifurahi wanaacha maganda na karatasi. Siku ile zamu haikuwa yangu. Wenzangu waliofagia Jumatatu walikaa siku nyingi hawajaniambia, mpaka mmoja akateleza ulimi: waliokota ndala na viatu vya mguu mmoja mmoja, toroli mbili zikajaa, vingine vidogo vya watoto, wakavipanga ukutani pengine wenyewe watarudi. Wachache tu walirudi. Jumatatu hii zamu ni yangu. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa pale na fagio, na nitakachokikuta chini ndicho nitakachokizoa.

Mama anakusalimu, na soksi zake. Binti yako anakusalimu na anauliza kama huko theluji ina ladha. Shangazi amekuja kukaa nasi mpaka mwisho wa mwezi, anakusalimu sana, anasema ukija usilete zawadi ulete mwili wenye nyama. Mwenzangu wa toroli, ambaye humjui, naye anakusalimu, kwa kuwa nimekutaja sana. Msalimie mwenzako anayekoroma.

Mungu akulinde ukiwa kazini na ukiwa umelala, akuondolee uchungu polepole bila kukuachia ubaya moyoni, na akupe ujasiri siku hizi nne.

Nitakuwa na simu mkononi. Utakaposhika ya kwako kuanza kusema, wakumbuke wote, na mimi pia unikumbuke.

Ni mimi ninayekupenda kama ndugu wa tumbo moja,
shemeji yako, mke wa kaka yako.